Dada wa Nyumbani

Mdogo wake alimkana. Yatakayofuata hapa yote ni maelezo tu. Kosa lenyewe ni hilo. Alimwita kwa simu aje kama ndugu, kisha akawaacha watu wa nyumbani mwake waamini kwamba anayekuja ni mtumishi. Na aliyetendewa hivyo hakuwa mtu baki. Alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni huku akipiga pasi nguo za watu, tangu mama yao alipofariki na kumwachia mtoto ambaye hata kukaa alikuwa hajajua.

Mtaani walimwita Mama Pasi, ingawa hakuwahi kuzaa. Alikuwa na chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabarani. Ndani mlikuwa na kitanda, pazia, na nyuma ya pazia meza ndefu iliyofunikwa blanketi la kijivu, limeungua hapa na pale kwa alama za pembetatu. Juu ya meza, pasi ya mkaa. Ya umeme alikuwa nayo pia, zawadi ya mteja aliyehama, lakini aliiona kama mgeni asiyejua kuzungumza: haitoi moshi, hailii, unaishika hujui kama imekasirika au imepoa. Ukimpelekea shati lililojikunja kama uso wa mtu aliyeamshwa usingizini, kesho yake unalikuta kwenye kamba limenyooka, kola imesimama, kama vile ndani yake tayari mna mtu wa maana. Alianza na kola siku zote. Wengine huanza na mgongo kwa sababu ni rahisi. Yeye alisema mtu humtazama mwenzake shingoni kabla hajamtazama usoni, na hakutaka kubishana.

Shule hakuwahi kuingia, isipokuwa mpaka getini, asubuhi, kumpeleka mdogo wake. Hapo getini alikuwa anapiga magoti, anamnyoosha kola kwa vidole viwili, anamgeuza na kumsukuma kidogo mgongoni: "Haya, nenda." Alifanya hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka yule mtoto akawa mrefu na kusema, "Dada, usinishike mbele za watu." Akaacha. Watoto wakikua huona aibu, alijiambia, na ile aibu hupita.

Haikupita. Ilisoma nayo ikafaulu. Mdogo wake alimaliza chuo, akapata kazi nchi jirani, akachumbiwa huko na mtu wa familia yenye jina. Harusi alipewa habari zake kwa simu: "Ni ndogo sana, dada, watu wachache tu, usijisumbue." Baadaye ikaja picha. Walikuwa wengi mpaka wa pembeni wamekatwa nusu. Jirani yake muuza mkaa aliitazama ile picha akaguna.

"Hawa ndio wachache?"

"Wachache wa kwao ndio hao," Mama Pasi alimjibu, akacheka peke yake.

Kisha siku moja simu ikaita, sauti ya mdogo wake ikaja laini, ile ya zamani, ya mtoto anayetaka kubebwa. "Dada, nimejifungua. Ni wa kike. Njoo unisaidie mtoto. Tiketi nimeshakata."

Njoo unisaidie mtoto. Ni maneno ambayo ndugu humwambia ndugu kila siku, na aliyeyasikia hakuona cha kuuliza. Angeuliza nini? Aliuliza kimoja tu, mbona tiketi ni ya kwenda bila kurudi. "Ya kurudi tutakata huku, ukichoka," mdogo wake alisema. Mama Pasi aliona kwamba hiyo ni heshima. Hakupangiwa siku ya kuondoka kama mgeni, ameachiwa aamue mwenyewe.

Alitangaza mtaa mzima. Huo ndio ukweli, na baadaye ulimuuma kuliko yote. Alimwambia muuza mkaa, akamwambia mshona viatu, akawaambia wateja, hata wale waliokuja kuchukua suruali moja walisimulizwa habari za ndege. "Naitwa na mdogo wangu. Nimekuwa mama mkubwa." Alishona nepi za kitambaa laini, akazipinda kingo kwa mkono, akazipiga pasi zikawa nyembamba kama karatasi, akazifunga kwenye shuka. Muuza mkaa, aliyewahi kusafiri mara moja, alimfundisha: "Wakikuuliza kitabu, toa kitabu. Hiki hapa cha bluu. Ukiona picha ya mtu aliyevaa gauni la pembetatu, hapo ni chooni kwa wanawake. Hutapotea." Walimsindikiza kwa gari la kukodi, wakampungia mkono mpaka shingo zikawauma. Pasi ya mkaa alimwachia huyo huyo muuza mkaa, kwa masharti kwamba asiiguse.

Kiwanja aliposhukia kilikuwa kikubwa, kinang'aa, sakafu yake unaweza kujiona miguu. Alifuata watu. Akasimama kwenye foleni, nguo yake nzuri ya zambarau ikiwa bado haina kunjo hata moja, kwa sababu ndani ya ndege alikaa wima njia nzima kama mtu anayepigwa picha. Kwenye kibanda cha kioo alikuwepo afisa, kijana mwembamba, upande mmoja wa kola yake umeinuka. Mama Pasi alikuwa anautazama upande huo, mkono unamwasha, aliposikia anaitwa.

"Pasi."

Alishangaa jinsi habari zinavyosafiri. Mdogo wake lazima amewatangulizia salamu. "Ndiye mimi," alisema kwa furaha.

"Nasema pasi."

"Ee, Mama Pasi. Ndiye mimi, baba."

"Mama, pasi yako iko wapi?"

"Aaa, pasi!" Akaelewa. "Nimeiacha nyumbani, kwa muuza mkaa. Ile ni nzito, mwanangu, ningeipandishaje kwenye ndege?"

Foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kukohoa. Afisa aliweka kalamu chini. "Umesafiri bila pasi?"

"Mdogo wangu anayo ya umeme. Nitatumia hiyo hiyo mpaka nirudi."

Watu walivunjika mbavu. Mwanamume mmoja alilazimika kushika begi la mwenzake asianguke. Na Mama Pasi naye alicheka, kwa kuwa mtu akikuta watu wanacheka huona ni utovu wa adabu kukaa umenuna. Alicheka kwa sauti, mpaka mwanamke mmoja nyuma yake alipomgusa begani na kumnong'oneza kwamba pasi inayotakiwa ni kile kitabu cha bluu. Hapo kicheko kilimkauka mdomoni. Akakitoa kitabu, akakisukuma chini ya kioo bila kuinua macho.

Afisa alikifungua. Bado alikuwa anatabasamu. "Umekuja kwa nani, mama?"

"Kwa mdogo wangu. Amejifungua."

"Anakaa wapi?"

Hakujua. Alikuwa na namba ya simu tu, na simu yake ilikuwa imekufa tangu ilipovuka mpaka. Afisa alimpeleka pembeni, kwenye ofisi ndogo yenye meza, viti viwili na feni isiyozunguka, akapiga kwa simu ya mezani na kuiweka kwenye spika. Aliyepokea ni mwanamume.

"Ndiyo, mke wangu ananyonyesha. Mimi ni mume wake. Ndiyo, tunamsubiri dada."

Mama Pasi alimwitikia afisa kwa kichwa: unaona?

"Dada yake mkeo?" afisa aliuliza.

"Hapana, hapana," ile sauti ilisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesahihisha namba ya nyumba. "Dada wa kazi. Mke wangu hana ndugu hata mmoja. Alilelewa na shangazi yake, naye marehemu."

Kuna aina ya joto linaloanzia masikioni. Mama Pasi alilijua la mkaa, la mvuke, la chuma kilichosahauliwa juu ya kitambaa. Hili alikuwa hajakutana nalo. Aliitazama simu. Aliutazama mzigo wake wa nepi. Afisa hakuwa anatabasamu tena.

"Mama, umeniambia umekuja kwa ndugu. Mwenyeji wako anasema umekuja kufanya kazi. Kazi ina kibali chake. Nani kati yenu anadanganya?"

"Naomba niongee naye. Mdogo wangu."

Simu ikahamishwa mkono huko ilikokuwa. Kulisikika mtoto analia, mlango unafungwa, kisha pumzi.

"Ni mimi, mdogo wangu. Niko hapa."

"Dada." Sauti ilikuwa chini kabisa. "Tutakuja. Usiongee maneno mengi."

Ikakatika.

Afisa alikuwa amesikia vile vile alivyosikia yeye, na kwa muda hakujua aangalie wapi. Akachagua kuangalia feni. Mwishowe alisema kuingia hawezi, na ndege ya kumrudisha alikotoka haiji kila siku, kwa hiyo atasubiri pale ndani, upande wa kati wa abiria wanaosubiri, mpaka mwenyeji aje kueleza au ndege ije kumchukua. "Kaa tu, mama. Viti vipo."

Viti vilikuwepo, ila kila kimoja kilikuwa na chuma cha kuegemeza mkono, ili mtu asijilaze. Mama Pasi alijaribu ubavu huu akajaribu ule, akaona aliyevitengeneza hana ndugu. Kisha alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, kwa maelezo rasmi, ni mtu ambaye si ndugu wa yeyote, akaacha kumlaumu fundi.

Siku za kwanza alikaa pale pale, mzigo magotini, uso kwenye mlango wa kioo ambao watu walitokea na kukumbatiwa. Kila mlango ulipofunguka alisimama nusu. Kulikuwa na sauti ya mwanamke iliyotoka darini na kuwatangazia abiria, na kwa kuwa iliongea kwa upole na kuomba radhi kila mara, Mama Pasi alipata mazoea ya kuiitikia. "Haya, mama," aliiambia. "Pole na kazi." Watu wa usafi walimwona. Siku hiyo hiyo alipewa jina, Mgeni wa Serikali.

Aliyempa jina hilo alikuwa msimamizi wao, mwanamke mpana mwenye kicheko kinachotangulia mwili, ambaye wenzake walimwita Bi Fagio. Ndiye aliyemkuta chooni anaubembeleza mfereji usio na pa kufungulia. "Toka basi, maji, usinitese." Bi Fagio alipenyeza mkono chini yake, maji yakatoka.

"Huyu hataki kubembelezwa, shoga. Huyu anataka kuona mkono mtupu."

"Basi kanifananisha na wenye mali."

Walicheka, na wakawa marafiki kwa namna ya watu wanaokutana njiani. Bi Fagio alimletea chai kwenye kikombe cha karatasi na mkate. Akauliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: na huyo mwenyeji wako vipi?

Hapo ndipo Mama Pasi alipoanza kusema uongo. Alisema gari lao limeharibika. Kesho yake alisema mtoto ana homa. Halafu akasema shemeji yuko safarini. Uongo ule haukuwa wa kujisafisha yeye. Alikuwa anamsafisha mdogo wake, kama alivyomfulia sare akiwa mdogo, na kila alipomaliza aliona bado kuna doa.

"Shoga," Bi Fagio alisema siku moja, akiegemea mpini wa ufagio. "Mtoto ana homa. Gari nalo lina homa. Nyumba hiyo waipeleke hospitali yote."

Mama Pasi alikaza fundo la mzigo wake.

"Mimi wadogo zangu ni watukutu," Bi Fagio aliendelea, safari hii taratibu. "Tunatukanana kwenye simu mpaka mtandao unachoka. Lakini ukiniweka mahali kama hapa, watavunja hicho kioo."

"Wangu amesoma sana," Mama Pasi alisema. Alikusudia kumtetea. Maneno yalipotoka yalikuwa na maana nyingine.

Nguo ya zambarau ilianza kumsaliti. Kunjo la kwanza lilikaa kiunoni, la pili nyuma ya magoti, baadaye kola yenyewe ikalala. Kwa mtu mwingine hilo si neno. Kwake ilikuwa kama kusimama uchi. Alianza kukaa kiti cha mwisho, ukutani, ili apitwe na watu wachache. Bi Fagio aliyaona hayo na hakusema kitu. Alimchukua mpaka chumba chao cha kubadilishia nguo, akampa beseni, sabuni, na ovaroli ya kijani ya kujisitiri wakati nguo inakauka. Mle ndani mlikuwa na pasi kuukuu ya umeme na meza. Mama Pasi aliiona meza ile kama mtu wa kwao. Alipiga pasi gauni lake, kisha ovaroli ya Bi Fagio, kisha za wengine, kisha shati la afisa mwembamba ambalo mmoja wao alilileta kwa niaba yake. Kola hiyo aliitia adabu mpaka ikasimama kama askari. Kwa saa zile chache hakukumbuka kuona aibu. Mikono ilikuwa na kazi, na kichwa kiliifuata mikono.

Lakini alipotoka nje na ile ovaroli, gauni likiwa bado lina unyevu mishononi, aligundua jambo. Akiwa na gauni, hata lililokunjamana, abiria walimwambia, "Samahani, mama." Akiwa na ovaroli, walimwambia, "Dada, choo kiko wapi?" "Dada, hapa pamemwagika." Wala hawakuwa wakali. Ni neno la adabu, dada. Unamwambia mtu uliyezaliwa naye, unamwambia mwuzaji, unamwambia anayekufutia meza, na halimchubui mtu mdomo. Mama Pasi alisimama katikati ya ukumbi na kitambaa cha mtu mkononi, akaelewa jinsi mdogo wake alivyofanya. Ule uongo wa shangazi ulikuwa wa zamani; safari hii hakuwa hata na haja ya kudanganya. "Dada atakuja kunisaidia mtoto," alimwambia mume wake, na mume akasikia alichozoea kusikia. Uongo wa safari hii ulikuwa ni kunyamaza tu baada ya pale.

Wakati huo ndipo sauti ya darini ilipotaja jina lake, lile la kwenye kitabu cha bluu, ikamwomba afike ofisini.

Alikwenda kama alivyo. Gauni lilikuwa kwenye kamba, na waliomwita alikuwa amewasubiri mno.

Mdogo wake alikuwa amesimama karibu na ile feni. Amenenepa kidogo, amependeza. Blauzi nyeupe, na kifuani upande mmoja doa dogo la maziwa ambalo hakulijua. Mume wake alikaa, funguo za gari zikizunguka kidoleni, mtu mwenye uso mzuri wa kirafiki. Alimwona mwanamke wa ovaroli akiingia, akainuka.

"Pole sana na safari, dada. Tumekuchelewesha. Na naona umeshaanza kazi hata kabla ya kufika!"

Alisema kwa utani, wa kumchangamsha. Mdogo mtu hakucheka. Alimtazama dada yake, kisha ovaroli, na macho yake yakakimbilia dirishani. Mama Pasi alisogea. Hakuwa amekusudia lolote. Kola ya blauzi ile ilikuwa imepigwa pasi na mtu wa haraka, ncha moja imejikunja kwa ndani, na mkono wake ulikwenda wenyewe, vidole viwili, kama pale getini. Aliinyoosha. Mdogo wake alirudi nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Umeona?" mume alimwambia mke wake, kwa kuridhika. "Huyu anajua kazi yake."

Afisa alikuwa nyuma ya meza, kola yake ikiwa imesimama. Alikohoa. Alieleza kwamba bwana amehangaika, amepata kibali cha mtumishi wa ndani, na kwamba mama akikubali kuwa yeye ni mtumishi wao, anapita sasa hivi. "Lakini mama mwenyewe aliniambia ni ndugu. Kama ni ndugu, kibali hakihitajiki. Mwenyeji aseme tu hapa mbele yangu kwamba huyu ni ndugu yake, na pia anapita sasa hivi. Njia zote mbili ziko wazi. Siwezi kumpitisha kwa zote mbili." Akamgeukia mdogo mtu. "Kwa hiyo, dada, mama huyu ni nani wako?"

Chumba kile kilikuwa kidogo, na ndani yake kulikuwa na neno moja tu lililokuwa likisubiriwa. Mume alikuwa ameacha kuzungusha funguo, kwa udadisi tu. Hakuwa mtu mkali. Pengine angeshangaa, pengine angeudhika wiki nzima, kisha angesema, karibu shemeji. Lilikuwa jambo linalowezekana kabisa.

"Ni dada," mdogo wake alisema.

"Dada gani?" Afisa hakumwachia. "Maana hapa kwetu hata anayedeki huko nje ni dada."

Mdogo mtu alilamba midomo. "Dada wa nyumbani."

"Si hivyo?" mume alisema, funguo zikazunguka tena. "Wa nyumbani. Nilishakuambia kwenye simu, afande."

Wa nyumbani. Mama Pasi aliligeuza neno lile kichwani upande huu na upande huu, kama mtu anayetafuta shati lina mbele wapi. Wa nyumbani kwetu, alikolelewa nyuma ya pazia kwenye harufu ya mkaa. Au wa nyumbani kwake, wa kufua na kuosha vyombo. Lilivalika pande zote mbili. Mtoto huyu alisoma kweli.

"Na wewe, mama?" afisa aliuliza. Sauti yake ilikuwa imelainika. "Unasemaje?"

Angeweza kusema. Alikuwa na majina ya wazazi, makaburi, siku za surua, meno yaliyong'oka. Angeweza kumwaga yote pale mezani na yule mume akayaona. Alimtazama mdogo wake, akaona ule mdomo wa chini unatetemeka, kama ulivyotetemeka siku alipopotea sokoni akiwa mdogo, na Mama Pasi akajawa na aibu mpaka miguuni. Haikuwa ya kwake, lakini aliyeivaa ni yeye; yule mwenzake hakuwa na pa kuiweka.

"Mimi nilikuja kwa mdogo wangu," alisema. "Huyu siye."

"Lakini jina si ndilo?" mume alishangaa.

"Majina hufanana, baba. Nirudisheni nilikotoka."

Afisa alimtazama yeye, akamtazama mdogo mtu muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, kisha akafunga kitabu cha bluu na kumrudishia mwenyewe mkononi. Mama Pasi aliomba kwanza mzigo wake, aliouacha mlangoni alipoingia. Aliuweka mbele ya mdogo wake.

"Nilimletea mtoto wa mdogo wangu nepi. Naona na wewe unanyonyesha, maziwa yamevuja hapo. Chukua, zisiharibike bure."

Mdogo wake aliupokea mzigo kwa mikono miwili, akauficha nao ule unyevu. Lazima harufu ya mkaa ilimfika, kwa sababu machozi yalimjaa. Mume alisema ahsante kwa niaba ya wote, akaongeza kwamba mama huyu ana roho nzuri, wampate wapi mwingine kama huyu.

Bi Fagio ndiye aliyemsindikiza siku ya ndege. Alimletea gauni limekunjwa vizuri, na hakuuliza lolote kuhusu homa ya gari. "Shoga, ovaroli ungebaki nayo uwe ukumbusho," alisema, "ila serikali itanikata." Kisha akamkumbatia mbele ya ule mlango wa kioo, kwa nguvu, kwa sauti, mpaka watu wakageuka, kama mtu anayempokea ndugu aliyetoka mbali.

Nyumbani alishuka kwenye basi kituo cha mbele ya kwake ili aingie kwa njia ya nyuma. Haikusaidia. "Umerudi upesi hivi?" "Mtoto anafanana na nani?" "Shemeji ni mtu wa namna gani?" Alisema hali ya hewa ya kule haikupatana naye. Alisema mtoto anafanana na mama yake. Muuza mkaa alimrudishia pasi, akaitazama sura yake, akasema tu, "Sikuigusa." Hilo lilimliza kuliko maswali yote; aliingia nyuma ya pazia na kujifanya anatafuta kitambaa.

Mdogo wake alipiga simu baadaye, sauti chini, maji yakimwagika karibu naye ili asisikike.

"Dada, ahsante. Umenisitiri. Sitasahau."

Mama Pasi alikuwa na shati mezani. Aliendelea na kola.

"Halafu usinielewe vibaya," mdogo wake alisema. "Mimi sikukukana. Si ulinisikia? Nilisema wa nyumbani. Nyumbani kwetu."

"Nilisikia dada," Mama Pasi alisema. "Yangu sikuisikia."

"Yangu nini?"

"Dada yangu. Ulisema dada, ukaishia hapo."

Maji yaliendelea kumwagika. Kule ndani mtoto alianza kulia, sauti ya mwanamume ikauliza jambo.

"Anaingia," mdogo wake alisema. "Nitakupigia."

Hajapiga. Mama Pasi bado anapiga pasi chumba kile kile, mlango unaotazama barabara, na mteja akimwita kutoka nje, "Dada, nguo zangu tayari?" huitika kama kawaida. Tiketi, viti vyenye chuma, kicheko cha foleni, hayo ameyasamehe. Yule mume hadaiwi, hakujua. Mtoto hadaiwi, ingawa ameanza kuongea bila kufundishwa kusema mama mkubwa. Anayedaiwa ni mmoja, na anajijua. Anadaiwa neno dogo kuliko kifungo cha shati, alitamke kwa sauti ya kawaida, maji yakiwa yamefungwa, mume wake akiwa amekaa hapo anasikia: yangu.